Barua ya wazi kwa wakuu wa afya Lamu: wafunzeni washauri wa bima kabla ya kuwatuma majumbani

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu, maafisa wa afya wa kaunti ndogo zote, na wasimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mnaohudumia kaunti yetu.

Waheshimiwa,

Assalaam alaikum, na heshima zenu.

Nawaandikia kutoka kisiwa cha Pate, ambako kwa muda sasa najitolea kuwasaidia majirani zangu kwenye mambo ya bima ya afya. Baadhi ya wenzangu katika kazi hii ni wahamasishaji wa afya ya jamii waliotambuliwa na serikali. Wengine, kama mimi, ni watu tu ambao kijiji kimewazoea: mwalimu wa madrasa, mama wa chama, kijana mwenye simu nzuri. Tunakaa na watu barazani, tunakutana nao gatini wakisubiri boti, tunaitwa majumbani usiku mgonjwa akizidiwa. Tunaulizwa mengi, na mengi kati ya hayo hakuna aliyetufunza namna ya kuyajibu.

Ombi langu ni kwamba kabla hamjatuma kundi jingine la watu wa kujitolea, muwafunze kushauri. Kuandikisha mtu ni kazi ya dakika chache, na yeyote anayeweza kubonyeza *147# ataifanya. Kumshauri mtu ni kumfanya aondoke akijua ana haki ya nini, bado anadaiwa nini, aende wapi akiugua, na amfuate nani akikataliwa. Hizo ni kazi mbili mbalimbali, na huku kwetu tumefunzwa ile ya kwanza peke yake.

Semina niliyohudhuria mimi ilianza saa tatu asubuhi kwa chai na mahamri, tukaonyeshwa namna ya kujaza fomu kwenye simu, na adhuhuri ilipoadhiniwa kila mtu alikuwa na fulana yake na idadi ya watu aliyotakiwa kuwaandikisha kwa wiki. Walioiandaa sitawataja, maana nao walikuwa wakitimiza walichoagizwa. Siku ile nzima hakuna aliyesimama akamuuliza mwenzake, kama mama wa kijijini angemuuliza: "Nikishaandikwa, ndiyo nimelipa?"

Na hilo ndilo swali linalowaumiza watu. Nitawapa kisa kimoja nilichokishuhudia. Bi mmoja wa mtaa wetu aliandikishwa yeye na mumewe, kijana aliyemwandikisha akamwambia, "Mama, ushamaliza." Kwa upande wa kijana, kweli kazi ilikuwa imekwisha, ujumbe ulishaingia kwenye simu. Bi yule akaenda zake kwa amani. Miezi ikapita, binti aliyekuwa akimlea akashikwa na uchungu, wakahamishwa kwa boti kutoka kisiwani hadi hospitali ya ngazi ya juu, mtoto amekaa vibaya, daktari anataka kupasua. Pale dirishani wakaambiwa binti mwenyewe hajaandikishwa kabisa, ameshapita umri wa mtoto na ana mume wake, na kwamba hata huyo mama mchango wake ni sufuri. Mama akanyoosha simu: "Huu hapa ujumbe, mimi niliandikwa!" Karani hakuwa mkali. Alimweleza taratibu, na maelezo yake yalikuwa sahihi yote. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kumweleza hayo hayo barazani kwake, miezi kadhaa nyuma, wakati bado kuna nafasi ya kufanya kitu. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Bili ililipwa kwa mchango wa jamaa na kwa mashine ya boti iliyouzwa.

Hawa si watu wasiojua bima. Mfuko wa zamani, NHIF, ulikuwapo tangu 1966, na wazee wetu walishauzoea: aliyejiajiri alitoa shilingi 500 kwa mwezi, ukiacha kulipa umetoka, ukirudi kulipa umerudi. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake, na mambo yakabadilika kwa mara moja. Mwajiriwa sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara anaulizwa maswali ya kupima uwezo wa nyumba yake, anapangiwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Kisha hazina zenyewe ni tatu. Ya huduma za msingi inalipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, na aliyejisajili tu anatibiwa huko hata kama hajatoa mchango. Ya bima yenyewe, SHIF, inalipia hospitali kubwa, na hiyo inamtaka mtu awe amelipa. Ya tatu ni ya dharura, maradhi sugu na mahututi, nayo huingia pale kiwango cha SHIF kinapokwisha.

Ukiyajua haya, kisa cha Bi yule kinaeleweka. Alipokuwa akitibiwa homa kwenye zahanati bila kulipa, aliamini bima yake inafanya kazi, na kweli ilikuwa ikifanya kazi, kwa hazina ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba siku atakayovuka bahari kwenda kupasuliwa anaingia kwenye hazina nyingine yenye masharti mengine. SHIF imepanga shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Mama mjamzito akizijua hesabu hizi mwezi wa nne wa mimba anaweza kujipanga. Akizijua akiwa kwenye machela, zimemfaa nini?

Kwa hivyo mafunzo ninayoyaomba yaanze hapo: kila mshauri aweze kuzieleza hazina tatu kwa mdomo wake, bila karatasi, kwa lugha ya nyumbani. Apimwe kwa hilo. Awekwe mbele ya mwenzake anayejifanya mzee mwenye kisukari, au mvuvi aliyekasirika, au mke wa pili asiyejua ameandikwa na mume au la, aeleze, aulizwe, abanwe, kisha wenzake waseme alipoteleza. Nusu siku ya mazoezi ya namna hiyo ina faida kuliko siku mbili za picha ukutani. Kisha asiachiwe kwenda peke yake. Huku kwetu mtu hapewi usukani wa jahazi kwa kuwa amesoma bahari darasani. Huanza ubaharia chini ya nahodha, anatazama, anafunga kamba, anakosolewa, mpaka siku nahodha mwenyewe anamwachia. Mshauri mpya naye afuatane na mzoefu nyumba kwa nyumba, mwanzo akisikiliza tu, kisha akizungumza mzoefu akimsikiliza.

Jambo la nambari ya simu linaonekana dogo, nami naomba mlipe nafasi kubwa. Familia nyingi huku zina simu moja nzuri, na simu hiyo huwa baharini na baba au Mombasa na mtoto mkubwa. Wanaoandikisha, kwa haraka ya kutimiza idadi, wameingiza nambari yoyote iliyokuwa karibu. Nimewaona walioingiza hata nambari zao wenyewe. Halafu mgonjwa anafika hospitalini, ujumbe wenye nambari ya siri ya kumtambulisha unatumwa kwa simu iliyo katikati ya bahari kuu, na hakuna wa kuusoma. Sasa alama za vidole zinaanza kuchukua nafasi ya ujumbe ule, na hilo ni jema, lakini tazameni mikono ya mkata boriti wa mikokoni, au ya bibi aliyesuka makuti maisha yake yote. Vidole vile mashine inaweza kukataa kuvisoma. Mshauri aliyefunzwa atauliza mapema: simu hii ni ya nani, hukaa wapi, na wewe ukiugua usiku ataipokea nani? Na kama vidole havisomeki, ajue mgonjwa ana njia gani nyingine ya kutambuliwa, na amwambie kabla hajaugua.

Yapo pia maswali ya kupima uwezo. Yanauliza ukuta wa nyumba ni wa nini, paa, sakafu, choo, maji, mnapikia nini. Mahali pengi Kenya nyumba ya mawe ni alama ya mtu aliyejaliwa. Njooni Lamu mjini, Siyu au Pate muone mjane anayeishi kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe yenye kuta nene kama dhiraa, ya babu wa babu yake, warithi kumi na wengine, dari ya boriti inaanguka vipande, na yeye anakula kwa kuuza viazi vya karai. Mtu akijaza fomu ile bila kufikiri, mjane anaonekana tajiri. Simwambii mshauri adanganye, kamwe. Namtaka ajue swali lina maana gani, alisome taratibu, ajaze kilicho kweli, kisha kiwango kikija kikubwa kupita kiasi aweze kumwonyesha mjane njia ya kuomba tathmini irudiwe. Njia hiyo naomba ninyi wenyewe muieleze wazi kwenye mafunzo: ofisi gani, karatasi gani, muda gani. Asiyeijua atabaki kumwambia mama wa watu, "Ndivyo kompyuta ilivyosema."

Kuhusu malipo ya mwaka mzima, sisi tuna misimu. Kaskazi bahari ni tulivu, samaki wapo, kamba wapo, pesa inatembea mkononi. Kusi ikishika, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba, na kuna nyumba zinazokaa miezi kwa deni la dukani. Ukienda kumhubiria mvuvi bima mwezi wa Juni unapoteza pumzi yako. Ukimfuata mwezi wa Januari, akiwa anauza, mtazungumza vizuri. Serikali imeleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu analipiwa mwaka kwa mkopo naye anarudisha kidogo kidogo, na kwa wengi ungefaa. Lakini ukitamka neno mkopo katika baraza ya Waislamu, swali la kwanza ni kama una riba, na la pili ni kama bima yenyewe inajuzu. Hayo hayajibiwi kwa kutabasamu. Mshauri apewe masharti ya mpango ule yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili, gharama yote ndani, na maulamaa wetu waalikwe kwenye mafunzo tangu mwanzo ili watu wasikie jambo moja msikitini na barazani. Mkiwaacha nje, mtajenga mchana na usiku jengo litashuka.

Mengine nitayapitia haraka kwa kuwa hayahitaji maneno mengi. Mshauri asishike pesa ya mtu hata shilingi, kila mchango upite M-Pesa kwa simu ya mwenyewe au ya mtu anayemwamini. Asiwe wakala wa kampuni yoyote inayouza bima. Asiondoke na kitambulisho cha mtu wala asikipige picha na kuiacha kwenye simu yake; Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na wengi wetu hatujawahi kuisikia. Maradhi aliyoambiwa ndani ya nyumba yabaki ndani ya nyumba ile. Kwenye mji mdogo ambao kila mtu ni shangazi au binamu ya mwenzake, habari ya ugonjwa ikitoka mara moja, hakuna atakayemfungulia mlango tena.

Na kuna walio nje kabisa ya mlango. Ndugu zetu Wabajuni wamepigwa msasa miaka na miaka kabla ya kupewa kitambulisho, na wapo watu wazima ambao mpaka leo hawana. Bila kitambulisho hakuna kujisajili, na watoto bila cheti cha kuzaliwa hawaingii kama wategemezi. Huko Basuba, kwa jamii ya Waaweer, huduma za zahanati zimekatikakatika kwa miaka kwa sababu ya usalama. Mshauri anayetumwa huko akijua bima peke yake atarudi na orodha tupu. Afunzwe pia kumsindikiza mtu kwa chifu na kwa msajili wa watu, na hesabu ya kazi yake itambue safari hizo.

Hesabu ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Nchini zaidi ya watu milioni 20 wameandikishwa, na ni idadi ya kujivunia. Lakini wanaotoa mchango miongoni mwa waliojiajiri ni sehemu ndogo tu ya hao. Mtu akipimwa kwa vichwa alivyoandikisha, ataandikisha vichwa. Naomba mwezi mmoja baada ya ziara mpigie simu familia kadhaa, bila kuchagua, mziulize: unalipa kiasi gani, umelipa mpaka lini, zahanati gani ni yako, ukikwama utampigia nani? Majibu hayo yatawaambia kama mshauri alishauri.

Haya ninayoyaomba si mageni duniani. Marekani, sheria ya mwaka 1990 ilifungua njia ya kila jimbo kuwa na mpango wa kuwashauri watu kuhusu Medicare, bima ya serikali inayohudumia zaidi wazee. Washauri wengi ni watu wa kujitolea, baadhi yao wastaafu wenyewe. Ushauri ni bure, hawaruhusiwi kuuza bima, na hufunzwa kabla ya kukaa mbele ya mtu. Kwa kuwa wazee huko wana dirisha la kubadilisha mipango yao kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba kila mwaka, washauri husoma upya mabadiliko ya mwaka kabla ya kipindi hicho. Nchi ile ina pesa kuliko yetu, najua. Lakini kumketisha mpya pamoja na mzoefu hakuhitaji pesa ya Marekani, wala kupanga mafunzo kabla ya msimu ambao watu watauliza. Msimu wetu ni kaskazi, basi mafunzo yawe Septemba au Oktoba, na yasiangukie Ramadhani wala siku za Maulidi.

Mafunzo yafanyike huku pia. Mkiitisha kikao Lamu mjini saa mbili asubuhi, wa Kizingitini ameondoka kabla ya alfajiri, na wa Pate mjini anategemea maji kujaa ndipo boti itoke. Akichelewa anaonekana mvivu. Kikao kimoja Faza, kimoja Mpeketoni, kimoja Lamu mjini, kimoja Kiunga hali ikiruhusu. Nauli ilipwe siku hiyo hiyo. Wahamasishaji wa afya walioahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, walipwe kwa wakati, kwa sababu hao ndio mizizi ya kazi hii na sisi wengine tunawasaidia. Wanawake wawe wengi miongoni mwa wanaofunzwa. Kuna nyumba ambazo mwanamume, hata awe mpole vipi, ataishia ukumbini, na aliye mjamzito yuko ndani.

Halafu mtuachie mtu wa kumpigia. Afisa mmoja kwa kila kaunti ndogo, mwenye simu inayopokelewa, anayejua sheria ilivyo leo. Tangu Oktoba 2024 viwango na taratibu vimerekebishwa mara kadhaa, na huku habari hufika kwa uvumi wa gatini. Mshauri anaweza kumwambia mtu, "Hili silijui, nitakuulizia na kesho nitakuletea jibu," na mtu akamheshimu, ikiwa kweli kesho jibu litakuja. Bila nambari ile, mmewafunza watu kwa siku nne na kuwaacha peke yao siku ya tano.

Sisi wa Pate tuko tayari. Chumba cha madrasa kipo, akina mama wa chama wamesema chakula watapika wenyewe, na wazoefu wachache wa kufuatana nao wapo, akiwemo muuguzi mmoja mstaafu ambaye kijiji kizima humwita anti. Tunachokihitaji kutoka kwenu ni wakufunzi wanaoijua sheria, karatasi za maelezo kwa Kiswahili, na tarehe. Naomba tarehe hiyo tuipate kabla ya mwisho wa Agosti, ili wavuvi wakianza kutoka nje ya mwamba, kila kijiji cha kisiwa hiki kiwe na angalau watu wawili waliofunzwa.

Wenu mtiifu,
Mshauri wa bima wa kujitolea,
Kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki